Nitazame nini katika bustani ya paani iliyoandaliwa kwa ajili ya ndege na wadudu?

Mdadisi:
Ndugu wasomaji, salamu. Nimepata nafasi ya kutembelea bustani iliyo juu ya paa la jengo katikati ya jiji, ambayo wenyewe wanasema iliandaliwa kwa ajili ya ndege, nyuki na vipepeo. Naomba kujua saa inayofaa, na hasa nitakachokitazama ili nitambue kama viumbe hao wanafaidika kweli au bustani ni pambo la jengo tu. Je, nikikuta mizinga ya nyuki, hiyo si dalili tosha?

Mchunguzi:
Anza na udongo kabla ya maua. Paa lililotandazwa udongo wa kina kimoja, sentimita chache tu kila mahali, hukauka upesi na huishia kuwa na aina chache za mimea. Lakini palipo na vilima vya udongo hapa, kokoto pale na mchanga kando, mbawakawa na buibui hupata pa kujisitiri wakati wa ukame. Ndiyo maana Basel, mji wa Uswisi ambao tangu 2002 unataka mapaa bapa ya majengo mapya yaoteshwe mimea, hutilia mkazo kina cha udongo kinachotofautiana. Kwa hiyo usipite haraka penye mchanga mtupu. Inama utafute vitundu vyembamba kuliko penseli, vilivyozungukwa na chembe za udongo uliofukuliwa: humo nyuki jike aishiye peke yake, asiye na malkia wala mzinga, hukusanya chavua, hutaga yai juu yake, kisha huziba mlango.

Kuhusu mizinga, mimi sikubaliani. Nyuki wa asali wa mizingani ni mfugo, na wakiwa wengi mahali penye maua haba huwanyang'anya chakula nyuki wa porini.

Mpenda Ndege:
Nenda asubuhi, jua likishapata nguvu na upepo ukiwa mtulivu, kwa sababu juu ya majengo upepo huwa mkali na vipepeo hujibanza unapovuma. Ni heri ukae mahali pamoja kwa utulivu kuliko kuzungukazunguka. Ukimwona ndege mwenye kiwavi mdomoni akirukaruka huku na huku bila kukimeza, fahamu kwamba umesimama karibu na kiota chake. Rudi nyuma mara moja, makinda yana njaa.

Mkulima wa Juu:
Niongeze kwamba vikonyo vikavu na magogo yanayooza si uchafu, maana wadudu huzaliana humo, nawe usiyapindue. Huko Zürich, mji mwingine wa Uswisi, mapaa ya mtambo wa kusafisha maji yaliyotandazwa udongo wa mashamba ya jirani mwaka 1914 bado yanaota maua ya okidi, nayo hayakupandwa kwa mistari. Muulize mtunzaji kama hupulizia dawa ya wadudu, na kama hukata mimea yote kwa siku moja au huacha sehemu kwa zamu. Majibu hayo mawili yatakueleza mengi kuliko kibao cha mlangoni.