Tupeane uzoefu: kosa la async lililokulaza macho

Wakuu, habari za saa hizi. Wale wa Node.js (JavaScript ya upande wa seva) tukutane hapa, kila mtu aseme kosa gani la async, yaani kodi inayoendelea bila kungoja kazi iliyoanzisha, lilimkuta.

Naanza mimi. Nina mfumo wa oda za duka la vipuri, uko kwenye Express 4, fremuweki ya kupokea maombi ya wavuti. Node 14 ilikuwa inanitupia onyo kwenye logi kila siku: promisi (ahadi ya jibu litakalokuja baadaye) imekataliwa, yaani kazi imeshindwa, na hakuna aliyeidaka, na huko mbele jambo hili litakuja kuua prosesi. Nikalizoea kama honi za bodaboda. Jumapili usiku nikapandisha Node hadi 18. Jumatatu saa tatu asubuhi mteja kaandika namba ya simu yenye herufi O badala ya sifuri, fanksheni ya kuhakiki ikatupa kosa ndani ya async, seva nzima chini! pm2, programu ya kuwasha tena seva ikianguka, ikaiinua, jamaa akabonyeza tena, chini tena. Waliokuwa katikati ya kulipa nao wakakatwa. Kumbe tangu Node 15, ya 2020, lile onyo limegeuka kifo. Na Express 4 haisubiri promisi yako, ikikataliwa haina habari. Zamani mteja aliona kiduara kinazunguka tu, mimi namwambia "angalia bando lako".

Nikazungushia kila rauti (njia ya ombi) kifuniko kinachopeleka kosa kwa next, fanksheni ya Express ya kulifikisha panaposhughulikiwa makosa. Express 5, iliyotoka 2024, inafanya hivyo yenyewe, ila sijahamia.

Fundi Logi: Pole mkuu. Mimi ni forEach, ile ya kupitia orodha kimoja kimoja. Meseji za kukumbusha marejesho ya kikoba, nimeweka async ndani ya forEach, nje nimefunika kwa try/catch (try inajaribu, catch inadaka kosa), najiona mjanja. forEach haingoji mtu. Mweka hazina akajibiwa "Zimetumwa zote" kabla hata ya moja kutoka, na catch haikuguswa. Sasa natumia Promise.allSettled, inayosubiri zote hata baadhi zikishindwa, maana namba mbovu ya mmoja isiwanyime wengine.

Bi Seva: Ya kwangu fupi: `return tafutaMteja(id)` ndani ya try, bila await, neno la kungoja promisi. Kosa likaruka catch likaenda zake. Neno moja, siku mbili.

Mtumwa wa Kodi (si ile ya serikali): Nyie mmeangukiwa na seva, mna bahati. Yangu haikuanguka. Databesi ni Postgres, maktaba ya kuifikia ni pg. Nachukua koneksheni kwenye pool (akiba ya koneksheni za kuazima na kurudisha), naandika malipo, halafu nairudisha kwa `client.release()` mstari wa mwisho wa try. Kosa likitokea, catch inajibu 500 (kosa la seva) vizuri kabisa, ila koneksheni hairudi. Pool ya pg usipoigusa ina koneksheni 10. Kosa la kwanza zimebaki 9, na makosa yenyewe ni mawili au matatu kwa siku. Siku ya nne seva ikanyamaza. CPU iko chini, logi safi, ukurasa wa mwanzo unafunguka, lakini chochote kinachogusa databesi kinasubiri milele, kwa sababu pg kwa kawaida haina ukomo wa kusubiri koneksheni. Narestati, inapona. Nikafanya hivyo wiki tatu, nikilaumu mwenye seva. Dawa: release kwenye finally, inayotekelezwa kosa liwepo lisiwepo, na connectionTimeoutMillis (ukomo wa kusubiri) iwe 5000, yaani sekunde tano, ili ipige kelele.

Fundi Logi: Wiki tatu unarestati tu, mzee?

Mtumwa wa Kodi: Niliiwekea na cron, ijirestati yenyewe kwa ratiba.

Mleta uzi: Nimefungua faili la malipo. release yangu iko ndani ya try. Nakuja.