Kura ya msimamo au kura ya mkakati: wapi msimamo unakugharimu?

Mpigakura_Embakasi:
Habari zenu. Agosti 2027 hapa Kenya tutapewa karatasi sita. Tuseme mgombea wa urais ninayemwamini hana njia ya kushinda, na kati ya wale wawili wakubwa kuna mmoja ambaye sitaki kabisa aongoze nchi. Wazee wananiambia nisitupe kura. Vijana wenzangu wanasema heri kuiharibu karatasi ili dhamiri ibaki safi. Nataka hesabu yenyewe: ni wapi kushika msimamo kunamsaidia yule nisiyemtaka, na ni wapi hakumsaidii?

Karani_wa_Hesabu:
Kwanza ondoa wazo la kuharibu karatasi, maana ndilo baya kuliko yote. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilisema kura zilizokataliwa hazihesabiwi katika kutafuta asilimia ya mshindi. Chukua wapiga kura 1,000. Usiyemtaka ana 495, mpinzani wake 485, na nyinyi wenye msimamo ni 20. Mkimpigia mgombea wenu mdogo, anayeongoza ana asilimia 49.5 na lazima turudi debeni kwa duru ya pili. Mkiharibu karatasi, kura halali zinashuka hadi 980, na zile zile 495 zinakuwa asilimia 50.5. Mmemtawaza kwa hasira yenu. Kubaki nyumbani kuna matokeo hayo hayo.

Kifungu cha 138 cha Katiba kinadai zaidi ya nusu ya kura, pamoja na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Kwa sababu hiyo, kura ya mgombea mdogo katika duru ya kwanza haipotei, inapandisha ukuta. Mwaka 2022 Ruto alivuka nusu kwa kura zisizofika 70,000. Wagombea wadogo, Wajackoyah na Mwaure, kwa pamoja walipata karibu 94,000.

Hofu ya wazee wako ina chimbuko. Mwaka 1992 sharti la nusu halikuwepo: mwenye kura nyingi alishinda, mradi apate robo katika mikoa mitano kati ya minane. Rais Moi alipita kwa asilimia 36 huku wapinzani wake Matiba, Kibaki na Jaramogi wakigawana karibu 63. Waliouona mwaka ule hawawezi kusahau, na wana haki. Ila kanuni imebadilika.

Mpigakura_Embakasi:
Asante sana. Kwa hiyo na kwa mbunge ni vivyo hivyo?

Karani_wa_Hesabu:
Hapana! Hapo ndipo wengi huteleza. Gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi wote hushinda kwa wingi wa kura tu, hakuna duru ya pili. Na viti vya orodha ya chama hugawanywa kwa idadi ya viti ambavyo chama kimeshinda, si kwa kura zake. Kura ya ubunge kwa anayeshindwa haizai kiti popote. Kinachobaki ni fedha: sehemu kubwa ya Mfuko wa Vyama vya Siasa, yaani fedha za umma kwa vyama, hugawanywa kwa wingi wa kura, kwa vyama vinavyotimiza masharti.

Tafuta Fomu 35B, yaani fomu ya matokeo ya ubunge, ya eneo bunge lako ya uchaguzi uliopita. Usiangalie jina la chama, maana vyama vyetu hubadilika kila miaka mitano. Angalia pengo kati ya wa kwanza na wa pili, kisha kura za wa tatu na wa nne kwa jumla. Pengo likiwa kubwa kuliko jumla hiyo, piga unavyoamini bila wasiwasi. Likiwa dogo, wewe na wenzako ndio mnaoamua, na hapo mkakati una uzito. Usipime kwa umati wa mikutano. Wanaojaza uwanja huenda wamejiandikisha kwingine.

Mkuu_wa_Mbezi:
Niongeze upande wa Tanzania, maana hapa hesabu imegeuka juu chini. Tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, Rais wa Muungano hushinda kwa kuwa na kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote, hata zisipofika nusu. Kwa hiyo wapinzani wakigawanyika kwenye urais wanaumia moja kwa moja. Lakini kura ya ubunge ina maisha ya pili: chama kinachopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge nchini hupata sehemu ya viti maalum vya wanawake. Kura ya chama kidogo katika jimbo lisilo na matumaini inaweza kusaidia kumwingiza mtu Bungeni Dodoma. Kenya msimamo uweke kwenye urais. Kwetu uweke kwenye ubunge.

Bi_Shangani:
Mwanangu, umesahau njia ya tatu ambayo watu huiita ya heshima: kususia. Zanzibar tunaijua. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF, chama kikuu cha upinzani wakati huo, ikasusia marudio ya Machi 2016. Dk. Shein wa CCM akatangazwa Rais wa Zanzibar kwa asilimia 91, na CUF ikakosa Baraza la Wawakilishi pamoja na nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Kenya nayo Oktoba 2017: Raila alijitoa, Uhuru akapata zaidi ya asilimia 98 na Mahakama ya Juu ikathibitisha. Sheria haikuweka idadi ya chini ya wapiga kura, kwa hiyo kususia hakubatilishi chochote. Simlaumu aliyekataa kuhalalisha asichokiamini. Kura yangu ya moyoni iko naye. Ila ajue mapema anatoa viti, na aamue kama yuko tayari.

Sauti_ya_Nakuru:
Karani, nakubali hesabu ila duru ya kwanza si salama kiasi hicho. Ufaransa, Aprili 2002, kura za mrengo wa kushoto zilitawanyika kwa wagombea wengi. Jospin, mgombea mkuu wa mrengo huo, alipata asilimia 16.2, Le Pen wa mrengo mkali wa kulia 16.9, na duru ya pili ikawa Rais Chirac dhidi ya Le Pen. Waliodhani watarudi kumpigia Jospin hawakumkuta. Kwa hiyo kabla ya kupiga kwa msimamo jiulize: yule ninayeweza kuvumilia ana uhakika wa kuwa wa pili? Panapokuwa na vigogo wawili tu, ndiyo. Wakiwa watatu wanaokaribiana, mpigie huyo mapema.

Na ndugu wa Embakasi, usingoje siku ya kura. Mkataba wa chama cha muungano lazima ufike kwa Msajili wa Vyama miezi minne kabla ya uchaguzi. Mgombea wako mdogo akitaka masharti yake yaandikwe humo, nguvu yake ni kura anazoweza kuzinyima upande mmoja. Kwa hiyo mnaomuunga mkono jihesabuni na mjitangaze sasa, kaunti kwa kaunti. Aprili ikipita mtabaki na ahadi za jukwaani tu.