Bango lilionyesha watu watano, jukwaani akaja mmoja. Promota, pesa yetu irudi!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimelala na hasira na nimeamka nayo, bora niitoe hapa kabla sijamfokea mtu asiye na kosa nyumbani.

Jumamosi tuliitwa Kampala kuona bendi kubwa ya roki ya miaka ya themanini. Jina lake silitaji, la promota pia silitaji, maana watu wa aina hii wana mawakili wengi kuliko wapiga gitaa. Aliyekuwepo anajua. Mabango yalijaa Jinja Road na Entebbe Road: sura tano za enzi zile, nywele hadi mabegani, suruali za kubana, na maandishi makubwa kwamba magwiji wanarudi Afrika Mashariki. Sura tano. Jukwaani akatokea mmoja.

Mmoja, banange! Tena mpiga besi, yule ambaye hata kwenye jalada la kaseti alikuwa amesimama nyuma, nusu uso. Namheshimu mzee yule, Mungu ampe umri. Lakini mwimbaji tuliyeletewa ni kijana ambaye wimbo wao mkubwa ulipotoka hata mama yake alikuwa bado shuleni. Wa gitaa la solo, wa kinanda na wa drams, wote ni vijana wa kukodi. Mshereheshaji akawataja kwa majina ya kwanza tu, haraka haraka, kama mtu anayeficha kitu, halafu akatuambia "pigeni kelele kwa magwiji!" Magwiji gani?

Tiketi ya kawaida ilikuwa elfu themanini. VIP laki mbili na nusu. Meza ya watu wanane milioni tatu, na chupa mbili za kitu walichokiita mvinyo. Sisi wazee tulichanga tukachukua meza, kwa sababu kusimama kwenye nyasi hadi usiku wa manane magoti hayataki tena. Mwenzetu mmoja alishuka na basi la usiku kutoka Arua. Pesa tulituma kwa simu, na makato juu.

Kwa nini tulijitolea hivyo? Kwa sababu bendi hii mimi niliiona Nairobi, miaka ileile ya themanini, familia yetu ikiwa uhamishoni kama familia nyingi za Uganda wakati ule. Kiswahili changu chenyewe ni cha Eastleigh, ndiyo maana mnaona kimenyooka kidogo kuliko cha hapa. Kaka yangu aliuza viatu vyake vya shule tupate kiingilio. Walikuja wote watano. Spika zilikuwa mbovu, maikrofoni ilikuwa inapiga filimbi, na mwimbaji alikosea ubeti wa pili akacheka na kuurudia. Gitaa liliteleza nje ya sauti katikati ya wimbo, jamaa akalirekebisha huku mwenzake wa kinanda akimfunika. Ulikuwa muziki wa watu, wenye jasho na makosa yake. Kaka hayupo tena, na sehemu ya tiketi ile niliilipa kwa ajili yake. Basi.

Sasa nije kwenye lililonichoma zaidi ya idadi ya watu. Kwenye meza yetu alikuwepo ndugu mmoja anayepiga besi kanisani Ntinda. Wimbo wa tatu akanigusa: "Muzee, hebu tazama waya." Nikatazama. Waya wa gitaa la solo ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote, na solo inalia kama kawaida. Najua siku hizi kuna vifaa visivyotumia waya, msianze kunifundisha. Lakini kifaa hicho huwa kinaonekana, kiunoni au kwenye mkanda wa gitaa, na kama unacho, waya wa nini tena? Tukaanza kusikiliza kwa makini. Kila noti ilikuwa ileile ya kaseti, mahali palepale, hata kile kikohozi kidogo cha mwanzo ambacho sisi tuliokua na kaseti ile tunakijua kama jina letu.

Halafu wimbo ukaisha kwa kufifia.

Someni tena hapo. Ukafifia! Sauti ikashuka pole pole mpaka ikapotea, kama kwenye redio, huku vijana bado wanatikisa vichwa na drams bado zinapigwa. Bendi ya laivu haifanyi hivyo. Bendi ya laivu humaliza kwa kishindo, au kwa kutazamana, au kwa kupotezana, lakini hakuna kidole kinachoshusha mkono wa mpiga drams taratibu. Ile ilikuwa CD. Tulilipa milioni tatu kuangalia karioki, wakati karioki hapa Kampala inapatikana kwenye kafunda yoyote, yaani kibaa cha mtaani, kwa bei ya bia moja, na wale wa kafunda angalau wanachekesha.

Ya kuchelewa sitayarefusha, tumeyazoea. Tiketi ilisema saa moja jioni. Wakapita wachekeshaji, wakapita wasanii wa kuimba juu ya CD, akapita mheshimiwa fulani kutambulishwa, bendi ikapanda saa sita kasoro, ikashuka kabla ya saa saba.

Najua mtakachosema, kwa sababu mmeshakisema kwenye WhatsApp: muzee, watu wanakufa, watu wanazeeka, ulitaka waje wote watano kutoka kaburini? Hapana. Sina ugomvi na uzee, wala na msiba. Nataka niambiwe kabla sijalipa. Basi!

Angalieni wenzetu wanavyofanya. Bendi ya Queen: mwimbaji wao Freddie Mercury, mtoto wa Unguja aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, alifariki Novemba 1991. Baadaye John Deacon akajitoa. Wakabaki Brian May na Roger Taylor. Walipompata Adam Lambert wa kuimba waliandika nini kwenye tiketi? Queen + Adam Lambert. Alama ya kujumlisha ipo pale, kubwa, hata mtoto wa darasa la kwanza anaiona. Anayenunua anajua anakwenda kuwaona wawili wa zamani na mgeni wao. ABBA ndio wamefika mbali kabisa: tangu Mei 2022 kule London wana onyesho la sanamu za kompyuta zenye sura zao za ujana, na wapiga vyombo halisi pembeni. Watu wanajaza ukumbi wakijua fika kwamba Agnetha, mwimbaji wao, hayupo pale. Hawakudanganywa, kwa hiyo hawalalamiki.

Na penye ujanja, kuna watu wamepigania. Bendi ya Lynyrd Skynyrd ya Marekani walianguka na ndege Oktoba 1977, akafa mwimbaji Ronnie Van Zant, akafa Steve Gaines na dada yake Cassie. Miaka kumi baadaye waliosalia walirudi barabarani, mdogo wake Ronnie akiimba. Mjane wa Ronnie akaenda mahakamani juu ya jina lile, na mwisho yakawekwa masharti kuhusu wangapi wa kabla ya ajali lazima wawepo ndipo jina litumike. Sasa hata mwanzilishi wa mwisho, Gary Rossington, alifariki 2023, na bendi bado inazunguka. Mimi nisingenunua tiketi ile, lakini Mmarekani anayenunua anajua anachonunua, hadithi yote iko wazi.

Tena huko Marekani majimbo mengi yana sheria ya mambo haya haya. Ilianza kwa sababu makundi ya bandia yalikuwa yanazunguka na majina ya The Platters, The Drifters na The Coasters, hakuna hata mmoja jukwaani aliyewahi kurekodi. Jon Bauman, aliyekuwa kwenye kundi la Sha Na Na, akalivalia njuga. Pennsylvania wakapitisha 2005, wengine wakafuata. Kwa kifupi inasema hivi: ukitangaza jina la kundi, awepo angalau mmoja aliyekuwa kwenye kundi lililorekodi, au uwe na haki ya jina lenyewe kisheria, ama sivyo uandike waziwazi kwamba hili ni kundi la kuwaenzi. Promota wetu najua ataiona sheria hii atabasamu, kwa sababu yule mzee wa besi mmoja anamtosha. Kwa hiyo hata hiyo sheria kwangu ni ndogo. Mimi nataka majina. Chini ya jina la bendi, kwenye bango, waandikwe watakaopanda: fulani gitaa, fulani drams, fulani sauti. Ni mistari mitano. Mlipata nafasi ya kuweka nembo za wadhamini kumi na ushee, mistari mitano itakosaje nafasi?

Mkumbuke pia kwamba bendi siku hizi zinagawanyika. UB40 zipo mbili. Ali Campbell alitoka 2008, kaka yake Robin akabaki na jina, Ali akaunda yake yenye jina hilo hilo pamoja na lake. Mtu akikuuzia tiketi ya UB40 muulize kwanza, ya Ali au ya Robin? Boney M ndiyo kichekesho kabisa: sauti nene ya kiume kwenye sahani ilikuwa ya Frank Farian, mtayarishaji mwenyewe, si ya yule Bobby Farrell aliyekuwa anaruka ruka jukwaani. Tulicheza harusi zote za Uganda na Kenya kwa sauti ya mtu tusiyemwona. Sawa, yale yamepita na wote wawili wamefariki. Lakini nani alisema tuurudie mchezo ule 2020 na kitu kwa milioni tatu?

Na msiniambie uaminifu huu ni wa Wazungu tu. Franco, gwiji wa rumba wa Kongo, alipofariki Oktoba 1989, wanamuziki wa bendi yake ya TPOK Jazz walijaribu kuendelea, wakavutana na familia yake, wakaliacha jina. Simaro Lutumba na wenzake wakaunda Bana OK. Wangeweza kung'ang'ania, nyimbo walizipiga wao kwa mikono yao, na Simaro alitunga ngapi mle ndani! Waliopenda wakawafuata kwa jina jipya. Wale vijana waliojitoa bendi ya Simba Wanyika kule Nairobi 1978 nao walijiita Les Wanyika, ukisikia unajua hawa ni wa ukoo ule ila ni watu wengine. Sasa promota wa Kampala wa leo, mwenye intaneti na ofisi ya vioo, anashindwa na mambo ambayo wapiga muziki wa Kinshasa na Nairobi waliyamaliza kwa kubadilisha jina?

Ukinunua kilo ya nyama soko la Nakasero ikapungua, kuna UNBS, shirika la viwango la taifa, wanaokagua mizani. Bendi ya watu watano ikiletwa mtu mmoja nimpelekee nani?

Wanaomtetea wanasema kuleta watu ni gharama: dola imepanda, tiketi za ndege, hoteli, mizigo ya vyombo. Nakubali, ni ghali. Mtu mmoja na flashi ni rahisi kuliko watu watano na vyombo vyao. Lakini basi bei yenu ishuke kama gharama yenu ilivyoshuka! Mnatuuzia bei ya bendi nzima mkiwa mmelipa nauli ya mzee mmoja na wapambe wake. Na lile neno la "mshukuru hata wamefika Uganda" likome. Sisi si kituo cha kumalizia mabaki. Umati huu ndio uliokariri Dire Straits na Don Williams kutoka kaseti za kunakili, ukangoja hadi mwisho wa 1993 ndipo redio za Sanyu na Capital zikaanza kutupigia kwenye FM. Tunazijua nyimbo hizi hadi pale mkanda ulipokwaruzika.

Halafu hapa hapa mjini kuna bendi ya Afrigo, wapo tangu 1975. Moses Matovu na saksafoni yake. Wamezika wenzao, wengine wametoka, wengine wameingia, na ukienda kuwaona unasikia pumzi ya mtu ikipita kwenye shaba. Hawajawahi kuniandikia bango la sura za wasiokuwepo. Ningepeleka ile milioni tatu kwao ningecheza nao hadi alfajiri na chenji ikabaki ya nyama choma.

NYONGEZA (usiku): Naona mmoja ameandika kwamba aliniona nikicheza. Ndiyo, nilicheza, nyimbo mbili za kwanza, kabla sijaonyeshwa waya. Nilikuwa nimelipa, ulitaka nikae kama niko msibani?

Mwingine ananiambia masharti ya tiketi yaliandika "wasanii wanaweza kubadilika". Yako wapi? Kwenye tiketi yangu hayapo. Kwenye bango nililolipiga picha hapa Wandegeya hayapo. Kama yapo kwenye ukurasa fulani wa chini kabisa ambao unafunguka ukishalipa, weka picha yake hapa tuione sote.

Walionunua meza tuwasiliane kwenye sanduku la ujumbe, tunaandika barua moja kwa wote, nakala kwa wadhamini wale wa kwenye bango. Mwenye video ya ule wimbo uliofifia, nzima, bila kukatwa mwisho, aiweke. Yangu simu ilijaa katikati.