Mjadala: Bandari ya Kirkenes ifungwe kwa meli za uvuvi za Urusi, au ibaki wazi?

NYAVU KUUKUU (mleta mada)

Wakuu salaam. Naleta mada ya mbali kidogo, ila ina nyama ya kutosha kubishania.

Kule juu kabisa Norwei, mwendo mfupi wa gari kutoka mpaka wa Urusi, kuna mji mdogo wa bandari unaoitwa Kirkenes. Wakazi wake ni kama 3,500 tu. Ukitaka kuuona kwenye ramani, weka kidole Kigali halafu panda nacho kaskazini bila kukata kona, mstari uleule wa longitudo utakufikisha. Tofauti ni kwamba huko jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari.

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Norwei, ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, iliungana nao kuzifungia bandari meli za Urusi. Meli za uvuvi zikaachwa. Tangu Oktoba mwaka huo zinaruhusiwa kutia nanga bandari tatu tu, Tromsø, Båtsfjord na Kirkenes, na kila inayoingia inakaguliwa. Ugomvi haujaisha: wapo wanaotaka mlango huo nao ufungwe, wapo wanaosema uachwe.

Mimi nasema uachwe. Si kwa mapenzi na Moscow, ni kwa ajili ya samaki.

Chewa wa bahari ile ya baridi (Waingereza humwita "cod") anataga pwani ya Norwei, hasa maeneo ya Lofoten. Mayai na vifaranga vinachukuliwa na mkondo kwenda kaskazini na mashariki, mpaka Bahari ya Barents, na wengi wa wale wachanga wanakulia upande wa Urusi. Wakishakomaa wanarudi magharibi kutaga. Sasa fikiria Mrusi amefukuzwa upande wa Norwei. Hataning'iniza nyavu ukutani. Atavua kwake, kwenye wale wadogo. Tani ni zilezile, lakini roho za samaki zilizokwenda ni nyingi zaidi, tena za samaki ambao hawajataga hata mara moja.

Hilo walilijua hata wakati wa vita baridi. Tume yao ya pamoja ya uvuvi ilianza 1976 na imekutana kila mwaka, hata baada ya 2022. Wanakata fungu la nchi nyingine, kinachobaki cha chewa wanagawana nusu kwa nusu. Tundu la wavu ni milimita 130 pande zote mbili, na chewa aliye chini ya sentimita 44 haruhusiwi, uwe Murmansk kwa Warusi au Hammerfest kwa Wanorwei.

Na hali ya sasa ni mbaya. Mwaka 2013 kiwango cha chewa kilichoruhusiwa kuvuliwa kilikuwa tani milioni moja. Mwaka 2025 kilikuwa tani 340,000, cha chini kabisa tangu 1991. Kumchokoza mwenzako mnayechangia naye samaki hao wakati huu ni kuchezea shilingi chooni. Karibuni.

MTAA WA SABA

Mkuu umeandika vizuri, ila umechanganya mambo mawili. Kugawana samaki ni mkataba. Kumpokea Mrusi gatini, ukampa mafuta, chakula na fundi wa kumrekebishia injini, hiyo ni huduma. Mkataba unaweza kubaki na gati likafungwa. Avue sehemu yake aende zake Murmansk, si kwao? Wewe umetetea mkataba ambao hakuna aliyeushambulia.

FUNDI KEBO

Namuunga mkono Mtaa wa Saba, tena niongeze.

Januari 2022, kabla hata ya vita, kebo moja kati ya mbili za mawasiliano, zilizolazwa chini ya bahari, zinazounganisha visiwa vya Svalbard na bara la Norwei ilikatika. Meli ya uvuvi ya Urusi ilikuwa imepita juu ya eneo hilo mara nyingi. Polisi walichunguza, wakafunga jalada kwa kukosa ushahidi. Mwaka 2023 NRK, shirika la utangazaji la umma, likaripoti kwamba meli mbili za uvuvi za Kirusi zilizokaguliwa Kirkenes zilikutwa na redio za kijeshi za kizamani, kwenye chumba kilichofungwa. Chewa wa wapi huyo anayehitaji redio ya jeshi?

Umoja wa Ulaya uliziwekea vikwazo kampuni za Norebo na Murman SeaFood Mei 2025, kwa madai kwamba meli zao zinatumika kwa ujasusi. Norwei ikafuata Julai. Moscow ikajibu kwa kutishia kuwafungia Wanorwei ukanda wake wa bahari. Kwa hiyo hoja ya "tusimchokoze" imeshapitwa. Ameshachokozeka.

Tena Norebo si kampuni ya uchochoroni, ni miongoni mwa kubwa kabisa za uvuvi Urusi. Kama kubwa ndiyo imeshikwa mkono, hao wadogo wanaobaki mnawaamini kwa lipi?

BINT UVIRA

Kaka zangu, mnaongea juu ya Kirkenes kama ni gati tupu. Pale kuna watu. Mimi asili yangu ni Kongo, naishi huku Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwei, na Kirkenes nimefika.

Majina ya mitaa yameandikwa kwa herufi za Kinorwei na chini yake za Kirusi. Pale bandarini jengo kubwa la karakana ya meli ya Kimek limeinuka kuliko kila kitu. Ukipita gatini unakuta meli za kukokota nyavu, ubavu umeliwa na kutu, nyaya za chuma zimeganda barafu, na mabaharia wawili watatu wanatembea kwenye theluji na mifuko ya dukani mikononi, hawamtazami mtu. Watu nao hawawatazami. Zamani haikuwa hivyo. Tangu 2012 wakazi wa kilomita 30 kila upande wa mpaka walikuwa wakivuka bila viza. Watu walikwenda kujaza mafuta kwa Warusi, Warusi wakaja kununua nepi za watoto na kahawa. Biashara nzima ya mji ilizoea hivyo.

Kabla ya hapo mji ulikuwa wa chuma. Mgodi wa Sydvaranger ulianzishwa 1906, ukafungwa 1996, ukafufuliwa 2009, ukafilisika 2015. Mgodi ulipokuwa ukielekea kufa, wakubwa wa serikali kule Oslo ndio waliowaambia: tazameni mashariki, fanyeni kazi na jirani. Tamko la ushirikiano wa eneo la Barents, Urusi ikiwemo, lilitiwa saini palepale Kirkenes, Januari 1993. Wakatazama mashariki. Wakajenga karakana kwa ajili ya meli za Kirusi, wakajifunza lugha. Leo wanaambiwa kosa lao ni kutazama mashariki.

Na msidhani hawamjui jirani yao. Jeshi Jekundu ndilo lililowakomboa kutoka kwa Wajerumani, tarehe 25 Oktoba 1944, mji ukiwa majivu baada ya kushambuliwa kwa ndege zaidi ya mara 300. Maelfu walikuwa wamejificha kwenye handaki la mgodi pale Bjørnevatn, watoto wakazaliwa humo. Sanamu ya askari wa Kisovieti bado imesimama, na 2023 ilizuka fujo tupu juu ya shada la maua la konseli wa Urusi, eti liwekwe au lisiwekwe. Halafu mtu wa mjini humo, Frode Berg, mkaguzi wa mpaka aliyestaafu, alikamatwa Moscow Desemba 2017, akahukumiwa miaka 14, akaachiwa 2019 kwa kubadilishana wafungwa. Alikuwa ametumwa na idara ya ujasusi ya kwao wenyewe, Norwei. Kwa hiyo somo la ujasusi mji ule umelisoma pande zote mbili, hauhitaji mwalimu.

Nasemaje? Mkitaka kufunga, fungeni. Lakini atakayefunga aje na fedha mkononi, si na hotuba. Kwa sasa Oslo inakula sifa, Kirkenes inakula hasara.

NYAVU KUUKUU

Dada, nimekusoma, asante. Hapo kwenye fedha hatuna ugomvi.

Mtaa wa Saba, umenibana vizuri lakini hujanimaliza. Unasema aende zake Murmansk. Swali ni nani atakayemhesabia samaki huko? Miaka ya 2000 mwanzoni meli za Urusi zilikuwa zikihamisha samaki baharini, meli kwa meli, wanapelekwa bandari za Ulaya bila kuandikwa popote. Makadirio ya Norwei yalifika kama tani 100,000 za chewa wa wizi kwa mwaka. Kilichoua mchezo ule si askari wa majini. Ni bandari. Mwaka 2007 nchi za Atlantiki ya Kaskazini Mashariki zilikubaliana kwamba hakuna meli kushusha samaki mpaka nchi yake ithibitishe kwamba ina mgao na samaki wale wamehesabiwa. Ndani ya miaka michache wizi ule ulikwisha kabisa. Meli ikija gatini kwako unapanda, unafungua ghala, unapima. Isipokuja unasubiri karatasi ya Moscow.

Na hizo redio, Fundi Kebo, zilionekana kwa sababu gani? Meli zilikuwa Kirkenes.

FUNDI KEBO

Hapo umenigusa kidogo, nakiri. Ila mwizi anayekuja kwako ukamkagua, akishatoka anajua pia nyumba yako ina milango mingapi. Mabaharia hawa wanatembea mjini, na mji uko karibu na mpaka wa NATO na Urusi. Kukagua meli si kukagua kichwa cha mtu.

MTAA WA SABA

Basi tupatane hivi. Ukaguzi uwepo, hoja ya kuhesabu samaki nimeikubali. Lakini bandari tatu za nini? Iachwe moja, Tromsø. Ni mji mkubwa, una polisi wa kutosha, una chuo kikuu na watalii, hautakufa kwa kuwa na meli za Kirusi wala kwa kutokuwa nazo. Kirkenes na Båtsfjord zifungwe, na hizo fedha za dada Bint Uvira zitolewe.

BINT UVIRA

Kaka, Tromsø hiyohiyo ndiko manowari za nyuklia za Marekani zimekuwa zikifunga gatini tangu 2021, na watu wa pale waliandamana kuzikataa. Kama hofu yenu ni ujasusi, mnamtoa jasusi Kirkenes, ambako atahesabu theluji, mnampeleka kwenye kile hasa anachokitafuta. Na kwa nauli yake mwenyewe.