Meza ya mtandaoni kwa kikundi kilichotawanyika: Roll20, Foundry, Owlbear Rodeo au Fantasy Grounds?

Msimulizi wa Chumbageni anauliza:

Salamu kwenu nyote. Kikundi chetu cha michezo ya kuigiza wahusika kilianzia hapa Tanga, kwa karatasi, penseli na dadu tulizokuwa tukipokezana mezani. Sasa mwenzetu mmoja yuko chuoni Dodoma, mwingine amehamia Mwanza kikazi, na dada yetu mmoja amemfuata mumewe Muscat. Tuliobaki Tanga ni watatu, nikiwemo mimi ninayesimulia, na hakuna hata mmoja kati yetu aliye tayari kuuacha mchezo huu ufe.

Tunatumia kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, yaani ile sehemu ya msingi iliyowekwa huru mwaka 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, lakini dunia tunayoichezea ni ya pwani: wahusika wetu huingia katika mapango ya chokaa yanayofanana na ya Amboni, hupita kwenye magofu yaliyochukua sura ya Tongoni, na husafiri kwa majahazi. Ramani zote nazichora mwenyewe, na ni kubwa.

Wachezaji wawili wana simu tu, hawana kompyuta. Mimi nina kompyuta mpakato ya kawaida, na intaneti ya nyumbani naipata kwa ruta ya laini ya simu. Nimesoma habari za meza za mtandaoni, yaani programu za kuonyeshana ramani, kete na dadu, kama Roll20, Foundry, Fantasy Grounds na Owlbear Rodeo, na kila moja ina watu wanaoisifu kwa nguvu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kuendesha mchezo kwa intaneti ya huku kwetu, si wa waliosoma orodha ya sifa.

Mkaazi wa Kaole anajibu:

Ndugu Msimulizi, nakuandikia kutoka Bagamoyo, ambako nasimulia kwa kikundi ambacho nusu yake iko Dar es Salaam. Kabla ya kuchagua programu yoyote, tenganisha mahitaji yako manne, ambayo ni sauti, ramani, dadu na karatasi za wahusika. Watu wengi hutafuta programu moja itakayobeba yote, kisha hushangaa inapowalemea wachezaji wenye vifaa dhaifu.

Sauti ndiyo mchezo wenyewe. Ramani ikichelewa, utaeleza kwa maneno na watu watakuelewa; sauti ikikatika, hakuna kilichobaki. Kwa hiyo iweke nje ya meza, katika Discord au programu nyingine ya mazungumzo ambayo wachezaji wako tayari wanaifahamu. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha kawaida cha Discord, hula takribani megabaiti 29 kwa saa kwa kila anayezungumza, na kwa kuwa kwa kawaida huzungumza mtu mmoja kwa wakati, kikao cha saa tatu hakiwezi kummaliza mtu bando. Video ni habari nyingine kabisa: picha moja tu ya megabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 450 kwa saa, na ninyi mko sita. Zimeni kamera bila kuona haya.

Kwa upande wa ramani, mimi natumia Owlbear Rodeo na sina mpango wa kuhama. Hufunguka ndani ya kivinjari, msimulizi ndiye anayefungua akaunti, na wachezaji huingia kwa kiungo tu. Mwenye simu huiona ramani ileile, huikuza kwa vidole na kuisogeza kete yake mwenyewe. Ukungu wa kufunika vyumba ambavyo wahusika hawajaviona upo, kipimo cha umbali kipo, na dadu zipo kama kiongezo. Haijui kanuni za mchezo wako hata kidogo, na kwangu hilo ni jambo jema, kwa sababu wachezaji wanaendelea kuzijua wao. Karatasi za wahusika sisi tunaziweka katika jedwali la pamoja la mtandaoni, au kila mtu anabaki na daftari lake.

Fundi Raskazone anajibu:

Namheshimu Mkaazi wa Kaole, na kuhusu sauti na kamera sina la kuongeza. Kuhusu meza, naona ameihukumu haraka faida ya programu inayozijua kanuni. Mchezo wa toleo la tano una hesabu nyingi, na kikundi kilichotawanyika hupoteza muda mwingi kuulizana bonasi ni ngapi na maisha yamebaki mangapi. Foundry, iliyotoka Mei 2020, huja na mfumo wa kanuni hizo huru ukiwa umekamilika: mchezaji hubofya upanga wake, dadu zikarushwa, jumla ikatoka mbele ya wote.

Gharama yake ni dola 50 kwa mara moja, zaidi ya shilingi laki moja, na anayelipa ni msimulizi peke yake. Wachezaji huingia bure kwa kivinjari. Ukilinganisha na huduma ya kulipia kila mwezi kwa kadi, ambayo kwa watu wengi huku ni kadi ya muda iliyofunguliwa kwenye simu na ambayo malipo yake ya kujirudia hugoma mara kwa mara, malipo ya mara moja yana utulivu wake.

Sasa nije kwenye tatizo lenyewe, ambalo waandishi wa Ulaya na Marekani hulitaja kwa sentensi moja na kuendelea. Foundry ni seva unayoiwasha wewe. Kompyuta yako ndiyo inayokuwa meza, na wachezaji wanapaswa kuifikia kutoka nje, kwa kawaida kupitia mlango (port) wa mtandao namba 30000. Maelekezo ya kawaida husema fungua mlango huo kwenye ruta, basi. Lakini mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP ya pamoja, yaani namba inayowatambulisha kwenye intaneti, hivyo mchezaji wa Mwanza anapogonga anwani hiyo, mtandao haujui ampeleke kwa mteja yupi, na mlango uliofungua kwenye ruta yako haumsaidii kitu.

Kupima ni rahisi. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, tazama anwani ya upande wa nje, kisha uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kukuambia IP yako. Zikitofautiana, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Ukikuta anwani ya ruta inaanza na 100 na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, usisumbuke hata kulinganisha, kwa kuwa fungu hilo limetengwa kwa kazi hiyohiyo.

Ukiwa katika hali hiyo, njia zilizobaki ni mbili za maana. Ya kwanza ni handaki, kama Cloudflare Tunnel, ambapo kompyuta yako ndiyo inayotoka nje kwanza na kuacha njia ya kurudi; mchezaji hahitaji kusakinisha chochote. Ya pili ni kuiweka Foundry kwenye seva ya kukodi. Mimi napendelea hii ya pili kwa sababu ya umeme. Meza ikiwa nyumbani kwako na umeme ukakatika, kikundi kizima kinatupwa nje, hata yule wa Muscat ambaye taa zake zinawaka. Meza ikiwa kwenye seva, wewe utarudi kwa simu na kuendelea kusimulia kwa sauti huku kete zikiwa palepale zilipokuwa.

Fantasy Grounds ina historia ndefu, tangu mwaka 2004, na vitabu vingi vya kununua, lakini kila mchezaji lazima aisakinishe kwenye kompyuta. Una wachezaji wawili wa simu; iondoe kwenye orodha.

Binti Pangani anajibu:

Mimi ni mchezaji, si msimulizi, na nacheza kwa simu kwa sababu ndicho kifaa nilicho nacho. Naomba kumwuliza kaka yangu Fundi: huyo anayebofya upanga ukajirusha, anabofya kwa kidole kwenye skrini ya inchi sita? Foundry haikutengenezwa kwa ajili ya simu. Vidirisha vyake hufunikana, na simu ya bei ya kawaida hupata moto kwa kuchora ramani yenye mwanga na vivuli hadi betri inaisha kabla ya kikao kwisha. Nimewahi kukaa katika kikundi ambacho wenye kompyuta walikuwa wakicheza na mimi nikisubiri kuambiwa kilichotokea. Nilikuwa na mhusika niliyempenda sana, na nilimwacha.

Ndugu Msimulizi, waulize wale wawili kwanza.

Msimulizi wa Chumbageni anajibu:

Ahsanteni sana. Dada Binti Pangani, jambo hilo nimelichukua kwa uzito wote, na nimekwisha kuzungumza na wawili hao: wanataka kusogeza kete zao na kurusha dadu zao wenyewe, hayo mengine wako tayari kuyapata kwa sauti. Nimepima pia kama Fundi alivyoelekeza, na anwani ya ruta yangu inaanza na 100.

Hakuna aliyezungumzia Roll20. Je, haifai? Na ramani zangu, ambazo nyingine zinazidi megabaiti 12, nizifanyeje?

Mkaazi wa Kaole anajibu:

Nianze na ramani, kwa sababu hapo ndipo wachezaji wako wataumia au kupona, meza iwe ipi. Megabaiti 12 kwa wachezaji watano ni megabaiti 60. Ukiwa unazitoa nyumbani kwako kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde, kila unapofungua ramani mpya watu watakaa kimya kwa dakika nne. Hata zikitoka kwenye seva ya mtu mwingine, kila mchezaji bado anapakua hizo 12 kwa bando lake.

Bila shaka unazihifadhi kama PNG, aina ya faili la picha lililo zito. Zigeuze ziwe WebP, aina iliyo nyepesi zaidi, kwa ubora wa asilimia 80 hivi. Ramani ya kuchorwa kwa rangi hushuka mara nyingi chini ya megabaiti 2, na sijawahi kukutana na mchezaji aliyeona tofauti. Tazama vipimo pia. Pikseli 70 kwa kila mraba zinatosha kabisa, na ndicho kipimo ambacho Roll20 imekitumia kwa miaka mingi, kwa hiyo pango la miraba 40 kwa 30 linahitaji picha ya pikseli 2800 kwa 2100. Zaidi ya hapo unamlipisha mwenzako bando kwa ajili ya mawe ambayo hatayaona kwenye simu yake. Pango refu kama la Amboni likate vipande, kila ukumbi na ramani yake. Msimulizi anapata pa kuvuta pumzi, na wahusika wanapata giza mbele yao.

Roll20 inafaa, na ni meza ya heshima. Ipo tangu mwaka 2012, inafunguka katika kivinjari, seva ni zao, hivyo habari yote ya anwani ya pamoja haikuhusu, na karatasi za wahusika wa toleo la tano zimo. Kiwango cha bure kina hifadhi ya megabaiti 100, ambayo kwa ramani zako za sasa ni ramani nane na umekwisha, lakini kwa zile utakazozigeuza ni msimu mzima wa mchezo. Udhaifu wake ni uleule aliousema Binti Pangani: kwenye simu ramani yake ni nzito na vidole havipati nafasi.

Fundi Raskazone anajibu:

Dada Binti Pangani amesema kweli, na kwa kikundi hiki, chenye wachezaji wawili wa simu wanaotaka kete na dadu mikononi mwao, sitaisukuma Foundry. Ningeipendekeza tena siku ambayo wote watakuwa na kompyuta, na hapo ningemwomba Msimulizi ajaribu kwanza meza ya maonyesho iliyopo bure kwenye tovuti yao kabla ya kutoa fedha.

Ila naomba tusiache swali la umiliki. Mwaka 2025 Wizards of the Coast, wenye Dungeons & Dragons wenyewe, walitoa meza yao ya 3D iitwayo Sigil, na muda mfupi baadaye wakaipunguza timu iliyoijenga. Waliokuwa wameanza kujenga ulimwengu wao humo walijikuta hawana uhakika. Meza yoyote iliyo kwenye seva za wengine, ikiwemo Owlbear Rodeo, inaweza kubadilika bila kukuuliza. Kwa hiyo ramani asilia, orodha ya wahusika, majina ya miji na kumbukumbu za kila kikao ziwe kwenye kompyuta yako na kwenye diski moja ya nje, katika mafaili ya kawaida ambayo programu yoyote inayafungua. Ulimwengu wa pwani kama huo wenu hauuzwi dukani, na ukipotea hakuna wa kuwarudishia.

Msimulizi wa Chumbageni anajibu:

Nimeamua. Tutaanza na Owlbear Rodeo kwa ramani na dadu, Discord kwa sauti bila kamera, na karatasi za wahusika katika jedwali la pamoja. Ramani tatu nimekwisha kuzigeuza, na ile ya ukumbi mkubwa wa pango imeshuka kutoka megabaiti 12 hadi chini ya 2.

Jumamosi hii tutafanya jaribio, saa tatu usiku kwetu na saa nne kwa dada wa Muscat. Hatutacheza hadithi yenyewe. Kila mmoja ataingia kwa kifaa atakachokitumia siku zote, akiwa mahali atakapokuwa akikaa, tena kwa bando na si kwa intaneti ya kuazima ofisini, na tutapigana pambano moja dogo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wenye simu ndio watakaotangulia kucheza. Nitarudi hapa kuwaeleza simu zao zilivyohimili.

Binti Pangani anajibu:

Waambie wapunguze mwanga wa skrini na wafunge programu nyingine zote kabla ya kuingia. Na kama utakuwa na nafasi ya mchezaji wa sita, mimi nipo.