Vifaa vya kujazia risasi kwa mchezo wa shabaha wa kikauboi: nianze na mashine ipi?

Mgeni wa Tucson aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Arizona kwa kadi ya ukaazi wa kudumu, na hivi karibuni nimejiunga na klabu ya shabaha ya kikauboi inayofuata kanuni za Single Action Shooting Society. Kwa wasioufahamu mchezo huu, mshindani hubeba rivolva mbili za kukoki kwa kidole gumba, bunduki moja ya wenzo na bunduki moja ya marisau, zote za miundo ya karne ya 19, naye huvaa kofia pana na buti na kuitwa kwa jina la kubuni ambalo hakuna mwanachama mwingine anayelitumia.

Mchezo nimeupenda, ila gharama ya risasi inanitisha. Kwa kawaida kila kituo hula risasi 10 za rivolva na 10 za bunduki ya wenzo, mbali na za marisau, kwa hiyo shindano la vituo sita humaliza risasi 120. Bunduki na rivolva zangu ni za kaliba ya .45 Colt, ambayo dukani si rahisi hata kidogo. Karibu wenzangu wote klabuni huokota maganda yao na kuyajaza upya nyumbani. Muuzaji mmoja amenishauri ninunue moja kwa moja mashine ya mfululizo, ile ambayo kila ukivuta mkono inatoa risasi iliyokamilika, akidai kwamba nikianza na ndogo nitajuta. Je, ni kweli? Na kuna leseni ninayopaswa kuomba kabla ya kuanza?

Fundi wa Maganda alijibu:

Karibu, ndugu yangu. Kuhusu kasi muuzaji hakukudanganya, ila kasi isiwe jambo la kwanza kwa mtu anayejifunzia kwenye .45 Colt. Ganda hilo lilibuniwa miaka ya 1870 kwa ajili ya baruti nyeusi, ambayo hulijaza tumbo lote hadi kugusa kitako cha kichwa cha risasi. Siku hizi wengi wetu tunatumia baruti isiyo na moshi, yenye nguvu nyingi katika ujazo mdogo. Kanuni zenyewe zinataka risasi za pole, zisizozidi futi 1,000 kwa sekunde kwa rivolva na futi 1,400 kwa bunduki ya wenzo, na matokeo yake ni kwamba kipimo sahihi cha baruti hukaa chini kabisa ya ganda, kama chumvi kidogo iliyobaki chini ya kikombe. Humo ndimo hatari ilimo: kipimo cha pili kinaweza kuingia juu ya cha kwanza bila kumwagika wala kuonekana, na silinda ya rivolva ikapasuka mkononi mwako.

Kwa sababu hiyo ninapendekeza mashine ya hatua moja, ile inayofanya kazi moja tu kila unapovuta mkono. Unayarudisha maganda yote kwenye ukubwa wake wa awali na kuyatoa fataki kuukuu (kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti), unapachika fataki mpya, kisha unayasimamisha 50 kwenye ubao wa matundu na kuyatilia baruti. Hapo, kabla hujaweka kichwa hata kimoja, washa tochi na uchungulie safu kwa safu. Ganda lenye baruti iliyopanda kuliko majirani zake litajionyesha lenyewe, na lile lisilo na kitu pia. Hilo tupu nalo si la kudharau, kwa maana nguvu ya fataki peke yake hukisukuma kichwa hadi kikakwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata ikikigonga, mtutu unaharibika au kupasuka.

Usinunue mashine kabla ya kununua kitabu cha vipimo kilichotolewa na kiwanda cha baruti au cha vichwa, na usikubali kipimo alichoandika mtu mtandaoni, hata mimi. Baada ya kitabu ndipo vije mizani, kipimio cha baruti, kalipa ya kupimia urefu wa risasi, miwani ya kukinga macho, na nyundo ya kuvulia vichwa kwa zile risasi unazozitilia shaka. Upande wa dai (kalibu za chuma zinazofungwa kwenye mashine ili kulibana ganda), chukua zenye pete ya kabaidi, yaani metali ngumu sana, kwa kuwa ganda la .45 Colt limenyooka na halitahitaji kupakwa mafuta. Wenye bunduki za kaliba ya .44-40 hawana raha hiyo, maana ganda lao limebanwa shingoni.

Binti wa Mrima alijibu:

Ninakubaliana na Fundi kuhusu hatari, lakini sikubaliani naye kuhusu dawa. Mtu anayehitaji mamia ya risasi kila mwezi atachoka na mashine ya hatua moja, na mtu aliyechoka ndiye anayesahau. Mashine za mfululizo nazo hazifanani. Katika mashine ya kampuni ya Dillon iitwayo 550, sahani ya maganda huzungushwa kwa mkono, na ukipotewa na mawazo usiizungushe, ganda lilelile hupata baruti mara ya pili. Dillon 750 hujizungusha yenyewe na ina nafasi ya kufunga kengele inayolia pale kiwango cha baruti kinapozidi au kupungua. Ni ghali zaidi, lakini mimi ningekusanya fedha hadi niifikie hiyo.

Mambo mawili ambayo hujauliza. La kwanza ni umbo la vichwa. Kanuni zinataka vya madini ya risasi visivyovikwa shaba, nawe chagua vyenye ncha bapa, kwa sababu ndani ya bomba la kuhifadhia risasi la bunduki ya wenzo kila risasi inaegemea fataki ya ile iliyo mbele yake, na kichwa kilichochongoka kinaweza kuifyatua. Kunja vizuri mdomo wa ganda pia, ili msukumo wa springi ya bomba usikididimize kichwa ndani. La pili ni vumbi. Vumbi la mashine ya kusafishia maganda kwa mabunzi ya mahindi yaliyosagwa lina madini ya risasi, kwa hiyo ifanyie kazi nje ya nyumba, nawa mikono kabla ya kula, na watoto wasikaribie.

Za marisau nunua dukani. Akiba yake ni ndogo mno kwa kazi yenyewe.

Mzee wa Minnesota alijibu:

Kuhusu leseni: sheria ya shirikisho la Marekani haimtaki mtu anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe kuwa na leseni. Ukianza kuwauzia wenzako kama biashara, hapo ni utengenezaji, nao una leseni yake. Kadi yako ya ukaazi inakutosha, lakini ndugu zetu walioingia kwa viza za muda, za masomo kwa mfano, kwa kawaida wamekatazwa kumiliki bunduki pamoja na risasi, isipokuwa wawe na kibali halali cha kuwinda au wawe katika misamaha mingine michache. Majimbo nayo yana masharti yake. Na ukienda likizo Kenya au Tanzania, pekua begi lako kabla ya safari, maana hata ganda moja lililosahaulika mfukoni linaweza kukuweka uwanja wa ndege ukijieleza kwa polisi.

Mgeni wa Tucson aliuliza tena:

Ninawashukuru nyote. Kwa maelezo haya ninaona nianze na mashine ya hatua moja, kisha nipande. Je, nikitumia baruti nyeusi inayojaza ganda zima, si nitakuwa nimeikwepa hatari ya vipimo viwili?

Fundi wa Maganda alijibu:

Hiyo utaikwepa, ndugu yangu, kwa kuwa cha pili hakina pa kuingia, na wapo wanaoshindana katika daraja la baruti nyeusi kwa raha ya moshi wake. Lakini baruti nyeusi huwaka kwa cheche ndogo kuliko ile nyingine, haitakiwi kuachiwa nafasi ya hewa ndani ya ganda, na masizi yake hula chuma, hivyo bunduki na maganda vyote vioshwe kwa maji siku ileile na kukaushwa. Kama nyumbani kwako hakuna mahali pa kuiweka mbali na moto, ikiwa katika kopo lake la asili, usiinunue.