Mafundi umeme wa magari Dodoma, kutenganisha fogi na taa kubwa ni rilei moja na nyaya nne. Mnataka kuniunguzia gari kwa nini?

Mbukwenyi wakuu.

Leo sina utani. Kuna gereji moja hapa Dodoma, jina silitaji maana uzi utafutwa kabla sijamaliza kulalamika, imenila laki moja na ishirini kwa kazi ambayo kijana aliyesoma umeme wa magari VETA akaelewa angeifanya asubuhi na mchana akaenda zake. Hela inauma, ndiyo. Kinachonitoa povu ni kwamba gari limerudi na hatari ambayo lilipoingia pale halikuwa nayo.

Nilichoomba ni hiki: taa za ukungu, ndizo fogi, ziwake bila kulazimika kuwasha taa kubwa. Gari ni la Kijapani, mtumba kama ya wengi humu. Modeli siiweki, najua mtaanza kubishana kuhusu modeli mniache na shida yangu. Mwenye gari aliyenitangulia alifunga fogi za dukani kwenye bampa, umeme akauchukua kwenye waya wa dimu, yaani taa kubwa zikiwa zimeshushwa. Ukiwasha dimu zinawaka, ukizima zinazima. Swichi yake hakuna.

Nilipoeleza shida yangu, fundi mkuu akanitazama kama nimetoka sayari nyingine. "Bosi, Dodoma na ukungu wapi na wapi?" Vijana wake wakaangua kicheko.

Sawa, mchekeni na mimi basi. Nina kishamba cha zabibu upande wa Hombolo. Mavuno ya Agosti na Septemba yanakuja wakati vumbi limeiva, na zabibu unataka uwe umeshazipakia kabla jua halijawa kali, kwa hiyo natoka nyumbani bado giza. Ukishaacha lami na mbele yako kuna Fuso limebeba kreti, vumbi linasimama hewani. Washa dimu hapo uone: mwanga wote unarudi usoni kwako. Ukipandisha fulu, ule mwanga wa mbali, ndiyo umejifunga kitambaa kabisa. Taa kubwa ziko juu kuliko fogi, karibu zaidi na usawa wa macho yako, zinapiga mbele kwa mbali, na kila chembe ya vumbi inakurudishia mwanga. Fogi zinakaa chini, mwanga wake ni mpana, umekatwa juu, unalala barabarani na kuangaza kingo za njia, kule walipo mbuzi na mzee mwenye baiskeli isiyo na rifleta. Unaona mita chache lakini unaziona kweli, na unakwenda polepole. Ukungu wa kweli wa alfajiri za mvua, kama ukipanda Nyang'oro kwenda Iringa, nao tabia yake ni hiyohiyo. Kwa hiyo ndiyo fundi, Dodoma tunazihitaji.

Na atakayeniambia nipande SGR, SGR haipakii kreti za zabibu shambani kwangu.

Nikaacha gari. Jioni kijana akanionyesha kitufe kipya chini ya usukani, vile vya kubonyeza vyenye kitaa chekundu. Akabonyeza, fogi zikawaka. Jua bado linawaka, kila kitu kinaonekana safi. Nikalipa. Risiti niliyopewa imeandikwa kwa peni nyuma ya boksi la plagi.

Giza limeingia, niko getini kwangu Ilazo, nikasema nijaribu mali yangu. Nabonyeza kitufe, fogi hizo. Na taa kubwa hizo! Swichi ya usukani imezimwa kabisa, lakini ukuta wa jirani mweupe pee. Nikazima kitufe, nikawasha dimu kwa swichi yake. Fogi nazo zikawaka bila kuguswa. Yaani nimelipa laki na ishirini watu watengane, wao wamefungishwa ndoa.

Nikaingia chini ya dashibodi na tochi. Wakuu, niliyoyakuta huko.

Kiungo cha zamani, pale ambapo fogi zilichukuliwa umeme kwenye waya wa dimu, hajakikata. Amekiacha kama alivyokikuta. Alichofanya ni kuvuta waya mpya kutoka betri mpaka kwenye kitufe, na kutoka kitufe mpaka fogi. Sasa ukibonyeza, umeme unafika kwenye kile kiungo, nusu unakwenda fogi, nusu unarudi kinyumenyume kwenye dimu. Balbu za fogi ni wati 55 kila moja. Za dimu wati 55 kila moja. Nne zote ni wati 220, gawa kwa volti 12 unapata ampea zaidi ya 18, na hizo zote zinapita kwenye kitufe cha plastiki cha bei ya soda na kwenye waya ambao mimi nisingefungia hata spika ya mlangoni. Ukiacha kwa dakika chache kitufe hakishikiki na harufu ya plastiki inaanza kukupanda puani.

Rilei, ile swichi inayoamriwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, hakuna. Fyuzi hakuna.

Hili la fyuzi ndilo lililonifanya nifungue uzi, kwa hiyo nivumilieni. Waya umetoka moja kwa moja kwenye kichwa cha chanya cha betri, ukapitishwa kwenye lile bati linalotenga injini na ndani ya gari, kwenye tundu alilotoboa mwenyewe kwa drili, bila mpira wa kuzuia. Barabara zetu mnazijua. Gari linatikisika, bati linakwangua ganda la waya kidogo kidogo, na siku shaba ikigusa bodi, betri nzima inamwagikia kwenye uzi ule mwembamba. Hauzimwi na swichi wala funguo, kwa sababu hakuna kitu chochote njiani cha kuukata. Waya unakuwa mwekundu kama wa hita, juu ya zulia, chini ya miguu yangu. Kisha gari likiungua pale Ihumwa mtasoma "chanzo ni hitilafu ya umeme". Hitilafu gani? Mtu kaacha fyuzi ya shilingi mia chache!

Ethi yenyewe, yaani waya wa kurudisha umeme betri kupitia bodi, ameikaza kwenye bolti yenye rangi. Bila kukwangua rangi. Ndiyo maana fogi moja ilikuwa hafifu, na alipoulizwa akasema balbu ni feki, akataka kuniuzia za LED kwa elfu sabini. LED kwenye kioo kilichotengenezwa kwa halojeni hutawanya mwanga hovyo na kumpofusha anayekuja mbele. Nilikataa.

Nikarudi gerejini. Siku hiyo nimegeuka "mzee wangu", ubosi umeisha. "Mzee wangu, umeme wa gari una tabia zake." Hapana fundi. Umeme wa gari hauna tabia, una njia. Njia umeichora wewe. Nikamwambia anichoree kwenye karatasi alichokifunga, akasema yeye hachori, anafanya kwa uzoefu. Akachukua koleo, akakata kile kiungo cha zamani, akazungushia tepu nyeusi, akasema tayari.

Ni kweli sasa zimetengana. Lakini fogi zinakula betri moja kwa moja, funguo iwepo isiwepo. Wiki hiyo mdogo wangu akaazima gari kwenda Chamwino, akalirudisha mchana wa jua kali. Wakati anashuka goti likagusa kitufe. Kile kitaa chekundu kilishaungua siku za mwanzo, kwa hiyo hakuna cha kumwambia mtu kuwa kuna kitu kinawaka. Fogi mbili ni wati 110, karibu ampea 9. Betri yangu ni ya Ah 45, yaani ampea mara saa. Hata ikiwa mpya na imejaa, saa tano zimeimaliza, na kuwasha injini itakushinda kabla ya hapo. Asubuhi gari limekufa ganzi na kreti tupu ziko nyuma. Nikapiga simu. Jibu nililopewa, neno kwa neno: "Mzee si unakumbuka tu kuzima?"

Nikauliza kwa nini hakuzifunga pamoja na taa ndogo, akaja na jipya: eti kutenganisha fogi na taa kubwa ni kosa kisheria, amenisaidia tu. Unasaidiwa kosa kwa laki na ishirini! Kwa taarifa yake, Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 48, ambayo magari ya Ulaya na Japani hutengenezwa kwa kuifuata, inataka fogi za mbele ziweze kuwashwa na kuzimwa bila kutegemea fulu wala dimu. Sharti lake ni kwamba taa ndogo ziwe zinawaka, za mbele na za nyuma. Marekani ni hadithi nyingine, kule magari mengi fogi hazikubali bila dimu. Na sharti la taa ndogo lina akili sana kwa vumbi letu: wewe unaona mbele, sawa, anayekufuata atakuonaje kama nyuma kuko giza?

Sisemi mtu azunguke mjini usiku kwa fogi peke yake. Trafiki akikusimamisha pale Mtumba na fogi tupu, elfu thelathini lipa, hujaonewa.

Sasa kazi yenyewe ilitakiwa iwe hivi, na ninaiandika ili mwingine asipigwe. Rilei ya kawaida ya volti 12 ina miguu yenye namba: 30, 87, 85, 86. Mguu wa 30 unapata waya kutoka betri, waya wa milimita za mraba 2.5, na fyuzi ya ampea 15 ikae karibu kabisa na betri, siyo huko mwisho wa safari. Mguu wa 87 unakwenda kwenye fogi zote mbili. Wa 85 unakwenda ethi, kwenye bati lililokwanguliwa. Wa 86 ndio wa amri: unachukua umeme kwenye waya wa taa ndogo, unapita kwenye kitufe cha dashibodi, unafika hapo. Imeisha! Ukizima taa ndogo, fogi zinazima hata kama kitufe umekisahau. Na kitufe kinapitisha umeme wa koili ya rilei tu, ambao robo ya ampea haufiki, kwa hiyo hakiwezi kupata moto. Kile kiungo cha zamani kwenye dimu kinaondolewa kabisa na waya wa dimu unafunikwa vizuri.

Kabla ya kukata chochote unapima kwa mita, siyo kwa kuonja cheche. Toyota nyingi za zamani, kwa mfano, swichi ya usukani inakata upande wa ethi, siyo upande wa moto. Fundi wa "uzoefu" anabandika chanya pale, anaunguza kitu, halafu anakwambia gari lako lina mashetani.

Rilei, soketi yake, fyuzi na waya, maduka ya spea ya hapa mjini vyote vipo. Ningepewa orodha ningenunua mwenyewe. Hawakunipa orodha kwa sababu walijua hawatanunua kitu.

Nilichowaambia gerejini ni hiki: nirudishieni hela ya ufundi, ya kitufe bakini nayo. Wamesema hela ikishaingia haitoki, ila nikileta gari watanifungia rilei "kwa bei ya undugu". Undugu huo ni elfu sitini nyingine. Juu ya laki na ishirini.

NYONGEZA, naona maswali yanajirudia:

Aliyesema niweke fyuzi ya ampea 30 kwenye waya uliopo niendelee na maisha: usimshauri mtu hivyo. Fyuzi kazi yake ni kufa kabla ya waya. Ukiweka kubwa kuliko waya, waya ndio unatangulia.

Aliyesema nichukue amri ya 86 kwenye ACC, ule umeme wa funguo unaowasha redio, ili fogi ziwake hata bila taa ndogo: inafanya kazi, na betri inasalimika ukitoa funguo. Mimi sitaki, kwa sababu ya yule anayenifuata vumbini.

Anayesema wateja wa Dodoma tunapenda bei rahisi ndiyo maana tunapata kazi rahisi: mkuu, laki na ishirini ni bei rahisi?

Kwa sasa nimechomoa ule waya kwenye betri nikaufunga tepu, fogi haziwaki kabisa, na Jumamosi nakwenda Hombolo. Anayemjua fundi umeme mwenye mita, anayekubali mwenye gari asimame pembeni akiangalia, aweke eneo na bei hapahapa wote tuone. Inboksi sijibu.